Nukta Nyeusi Upande wa Magharibi

Sili ananuka. Vitabu vya watalii havilisemi hilo. Vyenyewe vinasimulia sili, wanyama wa bahari ya baridi, wanaovua ngozi ufukweni na kugeuka warembo. Mimi nimemkalia sili mgongoni, nimemfunika macho kwa taulo huku akinipumulia samaki wa juzi usoni, na nakwambia ananuka, tena si kidogo.

Nilikuwa namshikilia kwa ajili ya Mairead. Mairead ni mtafiti wa chuo kikuu huko bara, na mwezi ule wa Mei alipanga kwangu kwa sababu kisiwani kwetu hakuna hoteli, na kwa sababu mimi nilikuwa na vyumba vingi kuliko watu. Kazi yake ilikuwa kubandika kifaa kwenye shingo ya sili, kifaa cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kwa gundi kali inayoshika manyoya tu. Sili akienda baharini, kifaa kinaandika alikopita na alikozama. Akirudi karibu na nchi kavu, kinapiga simu kama mtu na kutuma habari zote. Majira ya baridi yakifika mwisho sili hunyonyoka manyoya, kifaa kinadondoka, na kazi imekwisha.

"Hivi serikali inataka kujua sili anakula wapi, ya nini?" nilimuuliza siku ile, goti langu likiwa kwenye mbavu za mnyama. "Mimi mwenyewe hawajawahi kuniuliza nakula wapi."

"Wewe hawana mpango wa kukupandia mtambo jikoni," alisema Mairead, akikamua gundi. "Mshike vizuri, ananiangalia vibaya."

Mitambo yenyewe ni ya umeme wa mkondo. Maji yanapita kati ya visiwa vyetu kwa kasi ya mto uliofurika, na wakubwa waliona ni hasara kuyaacha yapite bure. Basi wakataka kutoboa sakafu ya bahari na kusimamisha mapanga yazunguke huko chini. Lakini walitakiwa kwanza wachore ramani mbili: ya mahali sili wanapokwenda, na ya mahali watu wanapovua. Penye sili wengi hapatobolewi. Penye wavuvi hapatobolewi. Palipobaki patupu, ndipo.

"Huyu tumpe namba gani?" nikauliza.

"Namba anayo. Jina mpe wewe."

"Basi ni Inga. Ana sharubu za shangazi yake mume wangu, na ananitazama vilevile, kama nimemwibia kijiko."

Tulimwachia, naye Inga akajiburura hadi majini bila hata kugeuka.

Nimemtaja mume wangu, na bora nimseme sasa hivi. Erlend alikuwa mvuvi wa kaa na kambakoche. Asubuhi moja ya Novemba, miaka mitatu kabla ya habari hizi, alitoka na mashua yake, Ragna, peke yake, kwenda kuinua madema, mitego yake ya kaa. Hakurudi. Boti ya uokoaji ilimtafuta, helikopta ilimtafuta, mashua zote za visiwa vya jirani zilimtafuta, upande wa mashariki, kwa sababu baba yake alisema ndiko anakovua. Kilichopatikana ni boya moja tu la ubavuni, lile la njano la kuzuia mashua isijigonge gatini, limeandikwa RAGNA kwa mwandiko wa Erlend. Baba yake ndiye aliyeliokota na kuniletea. Nikalitundika juu ya mlango wangu wa mbele.

Nilikuwa mgomvi kidogo kwa Erlend, sikatai. Tuligombania jaketi la kuokolea. Alikuwa nalo, la rangi ya chungwa, na makazi yake yalikuwa msumari nyuma ya mlango wa chumba cha usukani. Halivai. Eti linambana mikono akivuta kamba. "Siku ukisikia nimelivaa," aliniambia, "ujue mambo yameharibika kabisa." Kila asubuhi nilimsindikiza kwa maneno hayohayo kuhusu jaketi, na asubuhi ile ya mwisho pia.

Mtu asipopatikana, huna kaburi. Watu wanakuambia pole kwa mwaka mmoja, kisha wanakuuliza kama umefikiria kupaka nyumba rangi. Mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani: kujua Erlend yuko wapi. Sikutaka afufuke, sina wazimu. Nilitaka mahali pa kuelekeza uso. Na kwa kuwa nilipewa mashariki, nilielekea mashariki. Kila Jumapili tukitoka kanisani nilishuka ufukwe wa mashariki, nikasimama pale na kulia kama ng'ombe, na Sander, baba mkwe wangu, alisimama pembeni yangu ameshika kofia mkononi.

Sander alikuwa mwema kwangu. Mzee mkubwa wa mwili, wa maneno machache. Aliniletea vipande vya mboji kavu, kuni zetu za kisiwani, alinizibulia bomba, alinipa samaki. Kaa hakuniletea tena, na mwenyewe aliacha kuwala, nikadhani ni meno. Kama ningeulizwa ni nani kisiwani pale ninayemwamini kuliko wote, nisingefikiri mara mbili.

Mwezi wa Agosti Mairead alirudi, akafungua kompyuta yake juu ya meza yangu ya jikoni. Bahari yote ilikuwa imejaa nyuzi za rangi, kila sili na uzi wake.

"Njoo umwone shangazi yako," aliniita. "Wenzake wanazurura, leo kusini, kesho kaskazini. Huyu anakwenda magharibi, mahali pamoja. Anasubiri maji yatulie, anazama mpaka chini kabisa, anapanda kuvuta pumzi, anazama tena palepale. Utafikiri amepoteza pete."

Nikanawa unga mikononi nikaenda kuangalia. Nyuzi za Inga zilikuwa zimepishana mara nyingi hadi zikawa nukta moja nyeusi.

"Kuna nini pale?"

"Nilidhani utaniambia wewe mwenyeji. Chati inasema changarawe tupu, na sili hafuati changarawe. Akigandia mahali padogo hivi, mara nyingi chini kuna kitu kimesimama. Jiwe kubwa, au chombo kilichozama. Samaki wanajificha humo, naye anawafuata."

"Itakuwa meli ya vita ya zamani. Bahari yetu imejaa."

"Meli za vita zote zimo kwenye chati. Pale hakuna."

"Basi ni jiwe," nikasema, nikarudi kukanda mkate wangu wa shayiri. Nasema kweli, moyo haukunishtuka hata kidogo. Mtu wangu alikuwa mashariki.

Sasa lazima nikueleze tabia yetu moja, maana bila hiyo huwezi kuelewa. Kwetu, kumwuliza mvuvi amevua wapi ni sawa na kumwuliza mkewe analala upande gani. Haulizwi, na akiulizwa anadanganya, na anayeuliza anajua kwamba anadanganywa, na wote wanaona huo ndio ustaarabu. Mashua inatoka gatini inaelekea kusini hadi ipotee nyuma ya ncha ya kisiwa, ndipo inageuza kwenda inakokwenda. Mahali pazuri pa kutega hapaandikwi popote. Pana alama za nchi kavu, bomba la moshi fulani juu ya mwamba fulani, na baba anamwambia mwanawe wakiwa wawili tu majini. Wake hatuambiwi, kwa sababu wake tunakwenda dukani.

Familia ya Sander ilikuwa na mahali kama hapo. Waliita Shamba la Babu. Jina nililijua, kwa kuwa Erlend akirudi na kambakoche wakubwa alikuwa akisema, "Leo nimelima Shamba la Babu." Nikimuuliza liko wapi, anacheka. "Nikikwambia, mzee atanitoa roho."

Mwezi wa Septemba bwana wa ofisi ya mipango alikuja na boti ya abiria, akatukusanya kwenye ukumbi wa kisiwa. Kulikuwa na chai, jibini na mkate wa shayiri, na ukutani ramani kubwa ya bahari yetu, nyeupe, haina kitu.

"Ndugu zangu," alisema yule bwana, kijana mwenye adabu, "naomba kila nahodha apake rangi mahali anapovulia. Kalamu hizo hapo. Pasipopakwa, tutachukulia kwamba hapana mtu."

Watu wakatazamana. Geordie Muir akaenda wa kwanza, akapaka kiduara karibu na ufukwe wa mashariki. Bertie Drever, nahodha wa boti ya uokoaji, akapaza sauti kutoka nyuma:

"Wee Geordie! Hapo si ndipo alipoozea yule nyangumi? Unavua nini pale, nzi?"

"Navua kaa waliokukimbia wewe, mzee."

"Haya, pisha. Na mimi nipake uongo wangu ungali moto."

Ukumbi mzima ukacheka. Wakaenda mmoja mmoja, wamekunja nyuso kama wanaosaini mkataba, na walipomaliza, ramani ilionyesha kwamba wanaume wote wa kisiwa chetu wanavua wamebanana mashariki, katika eneo ambalo mashua mbili haziwezi kupishana. Magharibi yote ilibaki nyeupe pepepe. Bwana wa mipango akawashukuru kwa uwazi wao. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu. Mimi ni mtoto wa gati hili, na upuuzi wake ni wangu.

Sander naye alipaka mashariki. Polepole, kwa uangalifu, bila kutoka nje ya mstari.

Halafu Mairead akatandika ramani yake ya sili, karatasi inayoonyesha kilicho chini yake, juu ya ile ya wavuvi. Sili walikuwa wamejaa kusini na kaskazini. Katikati ya ule weupe wa magharibi kulikuwa na nukta moja nyeusi.

"Huyu ni sili mmoja tu," alisema Mairead, "lakini anapapenda sana. Kuna anayejua kuna nini hapa chini? Kwa kawaida huwa ni chombo kilichozama, ila kwenye orodha ya vyombo vilivyozama hakuna kitu."

"Labda ana mume wa pili huko," alisema Bertie, wakacheka tena.

Sander hakucheka. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake, ikaanguka, hakuiokota. Alikuwa anaitazama ile nukta kama anamtazama mtu aliyeingia mlangoni bila kubisha. Kisha akatoka nje, kofia yake akaiacha kwenye kiti. Nimekuwa mkwe wa Sander miaka ishirini, sijawahi kumwona anasahau kofia.

Nikaichukua. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nimeikumbatia kifuani, na nikawa najiuliza swali dogo, la kijinga: ni chombo gani kilichozama karibu na kisiwa chetu ambacho hakimo kwenye orodha kwa sababu hakuna anayejua kilipozamia? Tunakijua kimoja tu. Nikakaa juu ya ukuta wa shamba la watu.

Asubuhi nilimpelekea kofia. Alikuwa jikoni kwake, hajanyoa.

"Umesahau kofia, baba."

"Iweke hapo, binti. Chai iko tayari."

"Shamba la Babu liko wapi?"

Alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina hadi kikombe kikafurika, chai ikajaa kwenye kisahani, ikashuka mezani, ikaanza kudondoka sakafuni. Ndipo akaweka birika chini.

"Magharibi," alisema.

Nilijua nikifungua mdomo nitapiga kelele.

"Redio inasikika na kila mtu, Merran. Erlend alipoacha kuitika, walinzi wa pwani waliniuliza kwenye redio: mwanao anavua wapi? Kila nahodha wa visiwa hivi alikuwa ametega sikio. Babu yangu ndiye aliyepagundua pale. Nikasema mashariki. Mdomo ulisema wenyewe, kama ulivyozoea maisha yote."

"Mwanao yuko majini, wewe unaficha kaa."

"Nilijua injini imemzimikia tu! Ilishamzimikia mara ngapi? Nikasema namfuata mwenyewe, namfunga kamba, namvuta, kabla ya chakula tuko nyumbani. Wale wakizunguka mashariki wataambiwa keshapatikana, warudi wakalale."

"Ukakuta nini?"

"Maboya ya madema yetu. Mafuta juu ya maji. Na lile boya la njano."

Lile la juu ya mlango wangu. Nilikuwa naligusa kila nikitoka.

"Uliniambia umeliokota ufukweni. Mashariki."

Akaanza kufuta chai mezani kwa kiganja.

"Na redio ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Ungesema neno moja tu, baba. Neno moja. Helikopta ilikuwa inazunguka mashariki na taa kubwa kama jua, na wewe umekaa juu ya mafuta ya mwanao, redio mkononi, umenyamaza kimya!"

"Nilijua keshakufa."

"Ulijuaje? Ulimwona?"

"Maji ya Novemba, Merran, mtu hawezi..."

"Nakuuliza ulimwona?"

"Sikumwona."

Nilitaka kumpiga. Sioni sababu ya kuficha. Nilitazama birika, nikalipima kwa macho, na kilichonizuia si huruma. Ni kwamba nilikuwa bado sijamaliza kuuliza.

"Na kila Jumapili ukaja kusimama na mimi pale. Miaka mitatu nalilia maji yasiyo na mtu, na wewe unajua."

"Ulikuwa unalia," alisema Sander. "Ningekuachaje ulie peke yako?"

Jibu hilo limenikaa kooni hadi leo. Alilisema kwa upole kabisa, na nadhani aliliamini.

Nilimweleza Mairead jioni ile, yote, na yule mtoto wa watu akalia hadi pua ikawa nyekundu. Kisha akanipa habari mbaya zaidi. Nukta ile haitabaki, alisema. Ramani inayokwenda serikalini haionyeshi sili mmoja mmoja. Inachanganya wote, inasawazisha, na safari za Inga zitayeyuka ndani ya zile za wenzake kama chumvi kwenye sufuria kubwa. Magharibi itatoka rangi hafifu ya sili wachache. Weka juu yake ramani ya wavuvi, ambayo imesema pale hapana mtu, na ndipo mahali pa kwanza patakapotobolewa.

"Na boti ya kamera? Ishuke iangalie?"

"Kwa nukta ya sili mmoja hawatailipia. Kwa neno la mvuvi aliyekuwepo, italetwa kesho." Akanitazama. "Unaweza kusema wewe."

"Mimi sikuwepo. Atasema aliyekuwepo."

Nikarudi kwa Sander. Sikukaa.

"Bwana wa mipango anarudi wiki ijayo kufunga ramani. Utakwenda, utachora Shamba la Babu lilipo, na utasema kilichomo."

"Mbele ya Bertie?"

"Mbele ya Bertie. Mbele ya wote."

"Merran, mwanangu. Mimi ni mzee. Ngoja nife, kisha uwaambie. Mimi sitakuwepo, sema utakavyo."

"Ukisubiriwa ufe, wao watakuwa wameshatoboa. Watamsimamishia mtambo mwanao kichwani, uzunguke usiku na mchana. Umempoteza mara moja kwa kukataa kusema mahali. Unataka mara ya pili?"

Akajifunika uso kwa mikono yake mikubwa. Nikamwacha hivyo.

Alikuja ukumbini amevaa suti ya kanisani. Watu waliona suti wakaacha kutaniana. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ramani, akachukua kalamu, na badala ya kuchora kwanza, akageuka akatutazama, na akaanza kutaja alama.

"Bomba la moshi la nyumba ya mchungaji," alisema kwa sauti, "likae juu ya ncha ya mwamba wa ndege. Na jiwe jeupe lifungane na ukuta wa makaburi. Zikipatana, umefika. Hilo ndilo Shamba la Babu."

Najua kwa mtu wa mbali hayo ni maneno ya kawaida. Ukumbini wanaume waliinamisha vichwa. Kuna waliogeuza nyuso ukutani. Ilikuwa kama mzee amevua nguo mbele yetu, na tulimwonea aibu.

Akachora mstari kuzunguka mahali pale. Mstari ukaenda ovyo. Kisha akaweka kidole juu ya nukta ya Inga.

"Na hapa ndipo ilipo Ragna. Nilijua tangu siku ileile."

Sufuria ya chai ilikuwa inachemka jikoni na hakuna aliyekwenda kuizima. Bertie Drever akasimama. Mtu wa mizaha huyu, sijawahi kumwona na uso ule.

"Siku ile," alisema, "tulikuwa tumeshawasha injini kabla hujajibu redio. Tumeshafungua kamba. Nilikuwa nimeshaelekeza boti magharibi, kwa sababu Erlend alinipita asubuhi akielekea kusini, na anayeelekea kusini anakwenda magharibi, nani asiyejua? Nikawaambia vijana, ni magharibi. Kisha baba mtu akasema mashariki. Nikasema, baba mtu atamdanganyaje mtu siku kama hii? Nikageuza."

"Najua, Bertie."

"Ningefika pale mchana bado mweupe, Sander."

"Najua."

Bertie akachukua koti lake akatoka. Nilidhani wote watatoka. Lakini Geordie Muir alisimama, akaenda ukutani, akafuta kiduara chake cha uongo kwa kiganja, na bila kumtazama mtu akachora kingine, mbali, upande wa kaskazini. Kisha mwingine akafuata. Walichora kwa haraka, kila mmoja akiuziba mstari wake kwa mgongo wake mwenyewe, na hakuna aliyesogea kuangalia cha mwenzake. Sidhani ilikuwa toba. Nadhani kila mmoja alimwona mwanawe kwenye ile karatasi.

Sander alibaki amesimama pembeni na kalamu yake. Walimpita kama wanavyopita nguzo.

Boti ya kamera ililetwa mwezi wa Oktoba, siku ya maji mafu, mkondo unapolegea. Mimi na Mairead tulikaa kwenye chumba cha boti chenye skrini, amenishika mkono. Kamera ilishuka katika ukijani, ikashuka, ikashuka. Kwanza tuliona samaki, wengi ajabu, wamesimama pamoja kama wanaosubiri duka lifunguliwe. Kisha kitu kikubwa laini kikapita mbele ya taa na kupotea. Alikuwa sili. Kama ni Inga sijui.

Halafu ubavu wa mashua. Halafu herufi, zimeota ukungu wa baharini, lakini R ya Erlend naijua, ina mguu mrefu.

Kamba ilikuwa imejisokota kwenye panga la injini, tabaka juu ya tabaka. Kamba ya dema lake mwenyewe. Injini ilikabwa, mashua ikakaa ubavu kwa mawimbi, ikajaa maji. Mwendesha kamera alisema kitu kama hicho huchukua muda. Alisema hivyo kwa nia njema, kunieleza jinsi mambo yalivyokwenda, na Mairead akamfinya bega anyamaze.

"Unaweza kuonyesha ndani?" nikasema. "Chumba cha usukani. Mlango uko upande wa kushoto."

"Mama, una uhakika?"

"Onyesha."

Mlango ulikuwa umefunguliwa wote na umeshikwa na ndoana yake, kama mtu anavyoufanya kwa mkono. Taa ikaingia. Usukani. Kikombe chake cha bati, bado kimening'inia. Mtu hakuwemo. Nikamwambia ageuze kamera aniangalizie nyuma ya mlango, naye akageuza, taa ikatulia kwenye ubao.

Niliona nilichotaka kuona, nikatoka nje nikasimama nikitazama upande wa kisiwa.

Mitambo haikuwekwa magharibi. Waliweka kaskazini zaidi, kwenye maji ambayo kweli hayana mtu, na Ragna imeandikwa kwenye chati kwa alama ndogo. Mairead alirudi bara na ramani zake. Inga atakuwa ameshanyonyoka, kile kifaa kiko chini mahali fulani, naye anakwenda anakotaka bila kuandikwa.

Jumapili iliyofuata siku ya kamera, tulitoka kanisani. Kanisani Sander alikaa benchi zima peke yake. Nilikwenda nyumbani kubadili viatu, na nilipofungua mlango nitoke, alikuwa amesimama nje palepale anaposimama siku zote, kofia mkononi, tayari kunisindikiza. Nilimwona amezeeka, na sikuona huruma, ingawa niliitafuta.

"Wamekuonyesha?" aliuliza.

"Wamenionyesha."

"Umemwona?"

"Sikumwona."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa nafuu kidogo. "Basi maji yalimchukua mapema, binti. Hakuteseka. Nilikwambia."

"Msumari ulikuwa mtupu, baba," nikamwambia. "Ule wa nyuma ya mlango. Jaketi alikuwa amelivaa."

Alinitazama. Nikamwona anafikiri, nikamwona anafika. Mtu aliyevaa jaketi hazami. Anaelea, saa baada ya saa, anatazama upande wa kisiwa, anatafuta boti. Kofia ilimdondoka. Kisha akakaa kwenye kizingiti changu, chini ya lile boya la njano.

Nikamruka, nikashika njia ya magharibi peke yangu.